Miezi Kumi na Mmoja ya Kungoja Zege

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wetu. Mkuu wa Maabara. Ofisa utawala, uliyetusaidia kufupisha risala hii mara tatu. Wageni mliopata viti na nyinyi mliosimama karibu na mlango wa stoo: tunawasalimu wote kwa heshima, na tunaomba mtusikilize kwa uvumilivu.

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa Chumba cha Tangi tunakukaribisha, mgeni rasmi, ingawa neno hilo tunalitamka kwa kusitasita, maana hatujui kama mtu hukaribishwa nyumbani kwake. Meza uliyowekewa maua ndiyo ileile uliyokuwa ukikwangua zege lililokauka kwa patasi, miaka ishirini na tisa iliyopita, ulipoletwa hapa ukiwa binti, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Siku ya kwanza ulikuja na ndala, ukarudishwa getini ukavae viatu. Kitambaa tumekitandika makusudi. Chini yake alama za patasi yako bado zipo.

Tunajua umekuja kwa mambo mawili: kukata utepe wa maabara mpya iliyo ng'ambo ya barabara, na kupokea funguo za jengo hili, ambalo mwisho wa mwezi huu litabomolewa ili pawe maegesho ya magari. Jambo la kwanza tunalipigia makofi. Jambo la pili ndilo lililotufanya tuandike kwa herufi ndogo, kwa sababu tuliambiwa risala isizidi kurasa mbili, lakini hakuna aliyetaja ukubwa wa herufi.

HISTORIA FUPI, AMBAYO SI FUPI SANA

Mgeni rasmi, wewe haya unayajua. Tunawaambia wageni wengine, nawe utuvumilie.

Chumba hiki kilianzishwa na mkemia tunayemwita Mzee Majivu. Yuko hapa leo, safu ya mbele, kwenye kiti chenye mto, amevaa koti la maabara ambalo rangi yake hata yeye haikumbuki. Wakati ule hakuwa mzee. Alikuwa na nywele nyingi na ubishi mwingi zaidi, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye pumba za mpunga. Watu walikuwa wakizichoma moto ili ziwaondokee. Yeye akasema zikichomwa kwa joto la kadiri na majivu yake yakasagwa yakawa laini kama poda, yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji ndani ya zege. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Saruji ilipoadimika wakaanza kumtafuta.

Msaidizi wake alikuwa mwanamke mmoja fundi wa maabara, aliyekuja kuitwa Mama Tangi. Kemia ya darasani hakuisoma. Lakini akishika kiganja cha zege bichi na kukikamua, alikuwa akikwambia maji yamezidi kwa vikombe vingapi, na ukipima kwa mizani unakuta kweli yamezidi vikombe hivyohivyo. Mzee Majivu aliacha kubishana naye mwaka wa pili.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Zege hujazwa kwenye kalibu ya chuma, likishika linatolewa likiwa mchemraba wa ukubwa wa mkate, kisha linazamishwa kwenye tangi la maji ili liendelee kukomaa. Siku yake ikifika mchemraba unawekwa kwenye mashine ya kuvunjia, mtu anavuta wenzo, na tunasoma mshale umefika tani ngapi kabla ya kupasuka. Hapa michemraba hiyo tunaiita watoto. Tunaomba radhi kwa yule mgeni wa bima aliyeweka kikombe cha chai chini aliposikia tukikumbushana kwamba kesho asubuhi tunavunja watoto watatu.

Kwingine wanavunja baada ya siku ishirini na nane, wanaandika namba, wanakwenda kula. Mzee Majivu alikataa. Alisema hakuna mtu anayejenga nyumba ya siku ishirini na nane. Akapanga jaribio la miaka thelathini: michanganyiko mitatu, mmoja wa majivu machache, mmoja wa wastani, mmoja wa majivu mengi, kila mchanganyiko michemraba kumi na sita, jumla arobaini na minane, ivunjwe mitatu mitatu kwa tarehe zilizoandikwa ukutani. Tarehe zile bado ziko pale juu ya swichi. Mama Tangi alimwaga ya majivu machache, Mzee akamwaga ya majivu mengi, na ya wastani, ambayo kila mmoja aliamini ndiyo itakayojenga nyumba za watu, ukapewa wewe, mgeni rasmi, siku yako ya nne kazini.

Ndipo ulipofanya kile kitendo. Mchemraba wako wa kwanza ulikuwa bado mbichi kwenye kalibu, nawe ukaubonyeza kwa dole gumba pembeni, kama mtu anayechagua parachichi sokoni, uone kama umeshika. Haukuwa umeshika. Dole lako likaingia na kuacha shimo, na mistari yake yote ikaonekana. Mama Tangi alikushika kifundo cha mkono, wala hakupaza sauti.

"Mwanangu," alisema, "zege halibonyezwi. Zege linangojwa."

Kuanzia siku hiyo jina lako hapa likawa Dole. Tunaomba radhi kulitaja mbele ya maofisa wako, lakini kwenye daftari letu la kazi ndilo jina ulilonalo, na kulibadilisha ingekuwa kughushi.

Kosa la pili halikuwa lako. Lilikuwa la Mzee, na ametupa ruhusa tuliseme. Alichukua rangi nyekundu akaandika namba kwenye kila mchemraba kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri. Sasa, zege likikaa majini hutoa chokaa, na maji yakawa ya chokaa. Mtu aliyeandika kitabu kizima kuhusu jinsi chokaa inavyokula vitu hakujiuliza itaifanya nini rangi yake mwenyewe. Wiki ya sita tulifunua tangi tukakuta namba zinaelea juu kama maganda ya vitunguu. Michemraba arobaini na miwili ilikuwa chini, yote kijivu, yote sawa, hakuna anayejua yupi ni yupi. Mzee aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akasema tuimwage yote, amekwisha.

Mama Tangi akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akauzamisha, akapapasa mmoja baada ya mwingine. Tulikuwa tumesimama tunasikia maji tu. Mwishowe akasema, "Huyu hapa wa Dole."

Hiyo ndiyo iliyotuokoa. Mama Tangi alikuwa amewapanga kwa mstari siku ya kuzamisha, machache, wastani, mengi, machache, wastani, mengi, na tangu hapo hakuwa amemsogeza hata mmoja, hata waliovunjwa aliacha nafasi zao wazi. Ukishampata mmoja unayemjua kwa uhakika, wengine unawahesabu kulia na kushoto. Kabla ya saa ya chakula watoto wote walikuwa wamepata majina yao. Mzee aliinuka kwenye ndoo akakupa mkono, nawe ukalia, na mpaka leo hatujaelewa ulilia nini wakati wewe ndiye uliyekuwa shujaa.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, ofisa utawala alishauri tuandike hapa vyeti tulivyopata. Viko ukutani, vinasomeka vyenyewe.

Sisi mafanikio yetu tunayahesabu hivi. Tangu siku ile hakuna mtu anayemwaga zege katika chumba hiki bila kuacha dole lake pembeni. Wanafunzi wanaokuja hudhani ni utani, mpaka waelezwe. Tuna desturi nyingine pia, ya Mama Tangi, kwamba aliyemwaga ndiye avunje. Na kama hayupo, atume barua ya kumruhusu mwingine, tuisome kwa sauti kabla ya wenzo kuvutwa. Mwashi mmoja aliyefanya kazi nasi alipofariki, binti yake alisafiri siku nzima kuja kumvunjia baba yake mchemraba mmoja. Mchemraba uliposhikilia kupita tani sabini, binti akasema baba alikuwa hivyohivyo, mbishi.

Tangi halijakauka hata siku moja kwa miaka ishirini na tisa. Mwaka ambao bomba la mtaa lilikauka wiki tisa, Mama Tangi alileta maji kutoka nyumbani kwake kwa ndoo, asubuhi na jioni, na nyumbani kwake watoto wake wa kuzaa waliogea kikombe. Msomaji wa risala hii ni mmoja wao, kitindamimba wake, na anathibitisha. Leo ndiye fundi wa mashine ya kuvunjia.

Na mchanganyiko wa wastani ulitoka ukaenda mjini. Umejenga vyumba vya madarasa, wodi ya wazazi, nyumba za wauguzi, na misingi ya nyumba za watu ambao hata hatuwajui. Mzee amejenga kwao, anaishi humo na mkewe. Nawe, mgeni rasmi, mwezi wako wa mwisho hapa ulikuja na mkokoteni Jumamosi ukaomba mifuko minane ya majivu kwa ajili ya msingi wa nyumba ya mama yako mzazi. Mzee akakupa kumi, akasema mama hajengewi kwa kukadiria. Tumesikia mama bado anaishi katika nyumba hiyo. Tunamsalimu sana.

Miaka mitano ya mwanzo ulikuja mwenyewe kuvunja wako, ukiwa na zawadi ya biskuti. Baadaye ukapanda cheo, tukafurahi, ukaanza kutuma barua, nazo tunazo zote. Barua zetu za mwaka wa ishirini na wa ishirini na tano huenda hazikukufikia. Posta nayo ina mambo yake. Mara zote mbili Mama Tangi alishika wenzo, akainamisha macho kana kwamba anasoma barua, kisha akasema, "Kwa niaba ya Dole." Akavuta.

CHANGAMOTO

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri.

Michemraba yako ya wastani, mgeni rasmi, ilipanda vizuri miaka kumi na mitano ya mwanzo. Mwaka wa kumi mchemraba ulivunjika kwenye tani themanini na moja. Mwaka wa kumi na tano, themanini na tatu, Mzee akatununulia soda. Mwaka wa ishirini ukavunjika kwenye sabini na tisa. Tukasema ni bahati mbaya. Mwaka wa ishirini na tano, sabini na nne.

Siku ile Mama Tangi alizoa mwenyewe vipande vya mchemraba, akavitazama dirishani kimoja kimoja. Wapo wanaosema ni geji, kile kipimo chenye mshale, kwa kuwa mwaka wa kumi na nane ile ya zamani ilikufa tukafunga nyingine. Lakini geji ileile ndiyo iliyosoma sabini na tisa, na ndiyo iliyosoma sabini na nne. Wapo wanaosema mchemraba mmoja unaweza kuwa na kipovu ndani ukadanganya. Ni kweli, unaweza. Mzee mwenyewe amerudia hesabu zake kwa penseli mpaka karatasi zimetoboka.

Hatusemi kwamba nyumba zitaanguka. Tafadhali, waandishi wa habari mliopo, msituandikie hivyo. Tunasema hatujui, na mtu pekee anayeweza kutuambia yuko majini. Akivunjika kwenye sabini na nne au zaidi, zege limetulia, watu walale. Akishuka tena, basi kuna misingi inayotakiwa kuimarishwa mapema, wakati bado ni kazi ya mafundi na si ya waokoaji.

Waliobaki ni watatu. Wa majivu machache ni wa Mama Tangi, ambaye tulimzika mwaka uliofuata baada ya jaribio lile. Wa majivu mengi ni wa Mzee. Wa wastani ni yule wako wa kwanza kabisa, mwenye dole. Mama Tangi alimwacha wa mwisho makusudi, alisema anayehesabia wenzake hatoki kabla yao. Tarehe yao iko ukutani, ya mwisho kabisa. Imebaki miezi kumi na mmoja.

Jengo limebakiwa na siku kumi na tisa.

Waliokuja kuorodhesha mali walikuwa vijana wazuri, wenye adabu, na hatuna ugomvi nao. Tumesoma orodha yao. Inasema: mapipa mawili, mizani moja, mashine moja chakavu ya kuuzwa kwa vyuma, mawe matatu yasiyo na thamani, yatupwe. Tuliwaeleza. Wakasema kwenye fomu hakuna nafasi ya maelezo.

Maabara mpya tumeitembelea. Ni nzuri kweli, sakafu inateleza, mashine yake inavunja yenyewe ukibonyeza kitufe. Ramani tumeitazama mara tatu, tukampa hata Mzee na miwani yake ya kusomea. Kuna chumba cha mikutano, kuna mahali pa kahawa, hakuna tangi. Na hata lingekuwepo, mashine ile mpya haijawahi kukutana na ndugu zao waliotangulia. Tani zake na tani zetu hazijazoeana, na namba ya mwisho tungebaki tukiibishia mpaka kiama.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba. Ofisa utawala alibakiza matatu, nasi wenyewe usiku wa kuamkia jana tukafuta mawili, kwa kuwa hili likikubaliwa mengine tutavumilia.

Tunaomba chumba hiki kimoja, tangi lake, bomba lake na mashine yake chakavu, viachwe vilivyo kwa miezi kumi na mmoja. Wabomoaji waanzie upande wa geti. Magari yapo machache, yataenea. Hatuombi nyongeza ya watu wala ya kitu chochote. Zamu ya kuangalia maji tumeshaipanga, na Jumapili nayo ina mtu.

Mzee anapiga simu kila siku saa moja asubuhi. Hasalimii. Anauliza maji yako wapi, nasi tunamjibu yako juu ya vichwa vyao kwa vidole vinne, naye anakata. Wiki iliyopita daktari alimwambia asichoke, apumzike, aache kufikiria kazi. Alimjibu daktari kwamba atapumzika baada ya miezi kumi na mmoja, na kwamba asipangiwe kitu kingine kabla ya hapo. Tunaogopa kumwambia habari za ile orodha. Tumemkalisha mbele leo, sikio lake la kulia lisilosikia vizuri likituelekea sisi, kwa kuwa tulitaka akuone wewe, si atusikie sisi. Samahani, Mzee, kama umesikia.

Na siku ikifika, desturi ni ileile. Mzee atavuta wake. Wa Mama Tangi utavutwa na mwanawe huyu anayesoma, ambaye ameshaandika barua ya ruhusa kwa niaba ya marehemu, na kila akijaribu kuisoma kwa sauti hafiki mwisho. Wa wastani hatutauvuta sisi. Safari hii hatutasema kwa niaba ya mtu. Tunaomba uje mwenyewe, hata kwa nusu saa, hata bila biskuti.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ratiba inasema ukishapokea funguo utatoka kwa mlango wa mbele. Tunaomba utoke kwa mlango wa nyuma. Tangi liko hatua kumi na mbili kutoka hapo ulipoketi. Tumelifunua, na taulo ipo kwenye msumari uleule.

Usimtoe, tafadhali, asije akaguswa na hewa. Kunja tu mkono wa gauni mpaka kiwiko, papasa kona ya kushoto, wa katikati. Dole lako huenda limenenepa kidogo tangu wakati ule, kama letu sote, lakini pale mahali pake papo, na mistari yake yote ipo, miaka ishirini na tisa maji hayakuifuta. Likishaingia, ngoja kidogo. Halafu utuambie wewe mwenyewe kama ni jiwe lisilo na thamani, nasi hatutabisha. Funguo hizi hapa.

Mwenyezi Mungu akupe afya na macho ya kuona mbali, ampe Mzee wetu miezi kumi na mmoja na ziada, amrehemu Mama Tangi popote anapochota maji sasa, na amlinde mama yako ndani ya nyumba yake.

Ni sisi, wafanyakazi wa Chumba cha Tangi: wanne tuliopo, mmoja anayepiga simu, na Dole.